Hatua za Kwenda Kisimani

Pune, India
4 Desemba 1997

Dada Mwanaheri,

Shikamoo. Mie mzima, baridi ya asubuhi tu ndiyo inanionea. Barua yako ya Novemba niliisoma nimesimama getini, nikairudia darasani, mpaka profesa wangu akauliza ni habari gani hiyo inayonifanya nisisikie nikiitwa. Nikamweleza kwamba dada yangu ni muuguzi katika zahanati moja ya Mbagala, kwamba mvua za Elinino zimeleta kipindupindu, na kwamba mtaa wetu peke yake umeshatoa wagonjwa zaidi ya mia. Nikamwambia na lile linalokukera zaidi: mnawatibu, wanarudi makwao, na wiki inayofuata wanaletwa jirani zao.

Profesa Deshpande ni mama wa makamo, mpole, hacheki ovyo. Aliniuliza swali moja tu: "Wanachota maji wapi?"

Sasa nisikilize. Unajua kwamba mwaka mzima naandika programu ya kompyuta, na hujawahi kuniuliza ni ya nini, nami sikulaumu. Ni hii: unaipa mahali wanapoishi wagonjwa na mahali vilipo visima, nayo inapiga hesabu ya kila nyumba na kila kisima, halafu inakwambia kisima gani kinatia shaka. Visima vikiwa viwili, macho yanatosha. Vikiwa ishirini na wagonjwa mia mbili, macho yanachoka. Mwaka mzima nimeilisha wagonjwa wa kubuni. Nakuomba wa kweli.

Nichoree ramani ya mtaa. Kila kisima kipe namba, kila mgonjwa namba, na tarehe aliyoanza kuugua. Majina usiniandikie, wala ya wagonjwa wala ya wenye visima. Profesa anasema ukishajua jina unaanza kupendelea.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Mdogo wako,
Twaha


Mbagala
19 Desemba 1997

Mdogo wangu Twaha,

Marahaba. Mama anasema kama unakula, tuma picha tuone mashavu.

Ulivyoniomba ramani nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nyumba hazina namba, njia hazina majina, na kila nikiuliza "mpaka wa kwenu uko wapi" watu wananionyesha mipaka miwili. Nimebandika karatasi nne za kalenda upande wa nyuma, nimezunguka siku tisa baada ya zamu, na soli ya kiatu cha kushoto imelika. Lakini imekamilika. Visima ishirini na tatu, wagonjwa mia moja arobaini na sita. Nimeinakili kwa mkono kwenye karatasi nyembamba ili bahasha isiwe nzito.

Romani, yule bwana afya wa kata yetu, aliniona nimechuchumaa njiani nachora akaniuliza kama nimehamia idara ya ardhi. Nilipomweleza alicheka. "Kompyuta iko India, kipindupindu kiko Mbagala, vitakutana wapi?" Nikamjibu kwenye karatasi hii. Kesho yake alikuja mwenyewe kunishikia kamba ya kupimia.

Nikwambie ukweli, Twaha. Tangu Oktoba nimekuwa mtu wa kutundika dripu na kufuta sakafu. Juzi nilipoweka nukta ya mwisho nikasimama kuitazama ile karatasi, niliona zile nukta zimejikusanya upande mmoja, kama sisimizi wamekuta sukari. Sikuweza kusema zimekusanyikia nini. Kuna kitu pale. Kitafute.

Dada yako,
Mwanaheri


Pune
3 Januari 1998
(Kwa faksi, dukani kwa Nurdin, Mbagala)

Dada,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Natuma kwa faksi maana siwezi kungoja posta.

Tumeingiza nukta zako zote. Programu ilifanya kazi dakika arobaini, mimi nimekaa mbele ya skrini kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ikaleta jibu moja: kisima namba kumi na mbili. Nyumba za wagonjwa zimekizunguka kuliko kingine chochote. Profesa alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Mwambie dada yako wakifunge leo."

Kifungeni leo.

Twaha


Mbagala
17 Januari 1998

Twaha,

Kumi na mbili tulikifunga kesho yake. Sasa keti, nikusomee hukumu ya kompyuta yako.

Mwenye kisima hicho sikukutajia, ulisema majina hapana. Lakini leo nitavunja sharti lako, kwa sababu mtu mwenyewe ana jina, na wewe na mimi tumemdhulumu. Anaitwa Jovina. Amekuja mjini kutoka Masasi baada ya wewe kuondoka, anakaanga mihogo kwenye kona. Romani na mimi tulikwenda na bati na mawe tukafunika kisima chake mchana kweupe. Hakubisha. Alisema tu, "Kama kinaua watu, funikeni." Kufika jioni hakuna aliyenunua mihogo yake hata kipande. Watoto wakawa wanapita mbali na mlango wake.

Na wiki ile tukapokea wagonjwa thelathini na mmoja. Wiki mbaya kuliko zote.

Nilikasirika, Twaha, nusura niichane ile faksi. Halafu nikarudi kwenye ramani. Kati ya kisima cha Jovina na nyumba za wagonjwa kuna korongo. Kwenye karatasi ni mstari mwembamba nilioupitisha kwa kalamu. Kwa mvua hizi ni mto, hakuna mwenye akili anayeuvuka na ndoo kichwani. Nyumba ziko karibu naye kwa macho, lakini hakuna hata moja inayochota kwake. Programu yako inapima kama kunguru anavyoruka. Wanawake wa Mbagala hawaruki.

Kwa hiyo nimepima upya. Safari hii nimehesabu hatua, kwa njia wanazopita watu, kutoka kila kisima mpaka kila kikundi cha nyumba, na kila inapopinda nimeandika. Niko kwenye swaumu na jua la saa nane, Romani nyuma yangu na daftari. Mwanzoni watu walidhani tumechanganyikiwa, siku ya tatu wakawa wanatuelekeza: "Hapo hampiti, hapo kuna ukuta mpya." Kurasa kumi na moja hizo hapo, na wagonjwa wote mpaka jana. Nyingine nitaziongeza kwa faksi.

Ifundishe programu yako kutembea.

Mwanaheri


Pune
1 Februari 1998
(Kwa faksi)

Dada yangu,

Shikamoo. Idi mubaraka, ingawa nimechelewa.

Barua yako nilimsomea Profesa neno kwa neno. Nilipofika kwenye kunguru alininyamazisha, akainuka, akaandika ubaoni kwa Kiingereza kile ulichosema, akakipigia mstari. Akasema, "Huyu dada yako ametukosoa sote wawili, na amekosoa sawasawa." Niliona aibu kwa ajili ya mama Jovina. Nifikishie samahani yangu.

Nimebomoa nusu ya programu na kuijenga upya. Sasa haipimi mstari ulionyooka, inatafuta njia. Inatoka kwenye nyumba, inafika kwenye kona uliyoandika, inakuta korongo, inarudi, inazunguka, mpaka ifike kisimani kwa hatua zako. Siku kumi sijalala vizuri na sijali. Hakuna mtu humu ndani mwenye hesabu za hatua kama zetu. Wenzangu wa maabara wanakuja kusimama nyuma ya kiti changu.

Jibu ni hili: kisima namba saba. Safari hii hakuna kingine cha kukaribiana nacho. Kinachofuata hakifiki hata robo yake. Na si hilo tu. Tulipoweka tarehe, tukaona wagonjwa wa namba saba wanaongezeka siku ya pili na ya tatu baada ya kila mvua kubwa. Profesa anasema hapo kuna choo cha shimo upande wa juu, na mvua inasukumia uchafu wake kisimani. Kaangalie. Kama kipo, tumekamata.

Namba saba ni ya nani, hata usiponitajia jina? Atakubali?

Twaha


Mbagala
12 Februari 1998

Twaha,

Faksi niliipata tarehe tatu.

Nadhani programu bado ina kasoro. Kama ilikosea mara ya kwanza, inaweza kukosea ya pili. Ihakiki tena tangu mwanzo, usiwe na haraka. Hatujafunga kitu.

Mama anakusalimu. Mvua bado.

Mwanaheri


Pune
24 Februari 1998
(Kwa faksi)

Dada,

Shikamoo. Nimehakiki. Nimeondoa nyumba kumi na programu ikasema saba. Nimeondoa nyingine kumi ikasema saba. Nimempa mwenzangu hesabu zako bila kumwambia kitu, akaandika programu yake mwenyewe, ikasema saba. Kosa silioni.

Jana ndipo nikafanya nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza. Nimesoma hatua zako kama mtu anayetembea, siyo kama mtu anayechapa namba. Kutoka namba saba kwenda msikitini: hatua mia mbili na kumi, unapinda kushoto, halafu kulia penye ukuta. Dada, njia hiyo nimeipita kila alfajiri tangu nina miaka saba.

Ni kisima cha Baba?

Kama ndicho, choo kinatoka wapi? Wakati naondoka upande wa juu palikuwa na bustani ya mchicha.

Sikukasirikii. Nijibu tu.

Twaha


Mbagala
2 Machi 1998

Mdogo wangu Twaha,

Ndicho cha Baba. Nitakueleza lote, na ukimaliza kusoma uniambie kama bado hunikasirikii.

Bustani ya mchicha haipo. Ulipoondoka kwenda Pune, Mama alijenga vyumba vinne vya kupangisha pale, na vyumba vinne vina wapangaji kumi na tatu, na wapangaji wanataka choo. Fundi alichimba palipobaki. Ni hatua kumi na nne kutoka kisimani, upande wa juu. Hukuambiwa kwa sababu ungeuliza, na kwa sababu vyumba hivyo ndivyo vinavyokulipia ada huko ulipo.

Faksi yako niliyoipata tarehe tatu Februari niliisomea dukani kwa Nurdin, nimesimama. Nilijua hapohapo kwamba ni kweli. Nikaikunja nikaiweka kwenye soksi. Baba alikichimba kwa mikono yake, akakitoa sadaka kwa kila mpita njia, na mpaka leo watu wakichota wanasema, "Mungu amrehemu Mzee Salumu." Nikawaza nitakwendaje kumwambia mjane wake kwamba kisima hicho kinaumiza watu, na kinachokiharibu ni choo chake mwenyewe? Nikakuandikia ile barua ya uongo. Nyumbani nikawa nachemsha maji yetu kimyakimya. Majirani hawakuwa na wa kuwachemshia. Siku ishirini na tatu, Twaha, wagonjwa thelathini na wanane. Hakuna aliyekufa, na sijisifu kwa hilo, sifa ni ya dripu.

Tarehe ishirini na mbili nilikuwa zamu, Mama akasikia kiu akachota kikombe chake pale kisimani kama alivyozoea. Usiku wa siku ya pili alianza. Nilimfikisha zahanati hawezi kushika hata mkono wangu. Tulimtundikia chupa saba. Siku ya tatu, tarehe ishirini na sita, macho yakarudi, akaomba uji. Wakati namlisha akaja Nurdin na faksi yako.

"Twaha anasemaje?" akauliza.

Nilitaka kumsomea salamu tu. Nikashindwa. Nikamsomea yote mpaka mwisho, na nilipomaliza nikamwambia kuhusu ile faksi iliyotangulia, iliyokaa kwenye soksi.

Akasukuma kando bakuli la uji. Halafu akauliza, "Yule mama wa mihogo mlimfungia siku ya ngapi?"

Nikasema, "Siku ya pili."

"Na mie siku ya ngapi?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Mwanaheri, baba yenu alitoa sadaka ya maji. Hakutoa sadaka ya shimo. Maji yakiharibika, hiyo sadaka inabaki wapi? Nitolee hii sindano, nikakifunge."

Nikamwambia chupa haijaisha. Akasema basi mwite Romani aje na mawe, na yeye atakuja nyuma.

Alikuja kweli jioni, anashikwa mikono huku na huku, kitenge mabegani. Watu walikuwa wamejaa, wengine wanalia, mzee mmoja akasema ni makufuru kufunga kisima cha sadaka. Mama akaweka jiwe la kwanza mwenyewe. Akawaambia wapangaji choo kinafukiwa kesho, watatumia cha kwetu mpaka kichimbwe kingine upande wa chini, na asiyeridhika atafute chumba kwingine. Hakuna aliyehama.

Mie nikaenda kwa Jovina. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamwambia, "Chako nilikifunga siku ya pili baada ya karatasi kufika. Cha kwetu nimekificha siku ishirini na tatu. Nimekuja kukuomba radhi."

Hakuacha kumenya. "Sasa watu wa kwenu watachota wapi?"

"Sijui bado."

"Toeni hilo bati. Nitawapa maji. Lakini hayo uliyoniambia hapa, kayaseme mbele za watu, maana mimi mlinifunika mbele za watu."

Nikayasema Ijumaa, baada ya swala, watu wamesimama nje ya msikiti. Nilipomaliza, Romani akaeleza kwamba kisima cha Jovina ni salama na kwamba kila ndoo itatiwa dawa. Wapangaji wetu wakaweka mbao mbili nene juu ya korongo ili watu wavuke. Sasa hivi ninavyoandika, pale pana foleni ya ndoo, na mihogo inakwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Nakutumia kurasa za wagonjwa wote mpaka leo. Ziingize.

Wiki hii tumepokea tisa. Ile iliyopita walikuwa kumi na tisa. Naogopa kusema kitu, lakini nimehesabu mara tatu.

Dada yako,
Mwanaheri


Pune
15 Machi 1998

Dada Mwanaheri,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Mama.

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza nililia kwa ajili ya Mama. Ya pili nilikukasirikia kama nusu saa hivi, sitakudanganya. Ya tatu nikakumbuka kwamba wewe uliogopa kumwambia Mama, na mie nimekula miaka miwili bila kuuliza ada inatoka wapi. Ya nne nikakimbia maabara na kurasa zako.

Programu imeonyesha wiki tatu mbele. Kama namba saba itabaki imefungwa na watu wakaendelea kuchota kumi na mbili, mtaa wetu hautakuwa na mgonjwa ifikapo Idi Kubwa. Ni makadirio, yanaweza kukosea, na nimeyaandika kwenye ukuta wa chumba changu. Profesa anaandika barua kwa madaktari wa manispaa ya Temeke. Anataka wengine wahesabu hatua kama ulivyofanya, na anasema kwenye makala ya utafiti jina lako litatangulia langu. Nilibisha kidogo kwa mzaha. Hakucheka.

Nimekutumia disketi mbili zenye programu na ramani yote. Tafuta mtu mwenye kompyuta.

Ndugu yako,
Twaha


Mbagala
11 Aprili 1998

Mdogo wangu Twaha,

Marahaba. Idi imepita salama. Mgonjwa wa mwisho kutoka mtaa wetu aliruhusiwa tarehe ishirini na nane Machi, na tangu hapo daftari la kipindupindu halijaandikwa kitu. Umekosea kwa siku kumi, na umekosea upande wa kheri.

Barua ya Profesa wako ilifika Temeke. Wiki iliyopita waliniita nisimame mbele ya mabwana afya thelathini, nina chaki na ramani yangu ya kalenda. Nilieleza korongo, nikaeleza hatua, nikaeleza na siku ishirini na tatu, maana nimeona nikilificha hilo wengine watalirudia. Mmoja akainua mkono akauliza nimesomea wapi kompyuta. Nikamjibu kwamba sijawahi kuiona. Ukumbi ukacheka, mie nikacheka nao, lakini daktari aliyetuita hakucheka. Akasema hilo halifai.

Basi Alhamisi wametupeleka Chuo Kikuu, mie na Romani. Mhadhiri mmoja anaitwa Kasimiri akachukua disketi zako, akaingiza moja, mashine ikakoroma kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuona namba. Twaha, nikaona mtaa wetu. Njia zote nilizotembea, pinda kwa pinda, korongo lenye rangi ya buluu, visima vina duara. Kasimiri akabonyeza, nukta zikaanza kutokea kwa tarehe, Oktoba, Novemba, moja moja, halafu kwa makundi. Romani akashika kiti. Kila nukta nilikuwa naijua. Huyu alikuwa mwalimu wa madrasa. Huyu alikuja na pacha wake. Hawa watatu ni wa chumba kimoja. Wanne ambao hatukuwaokoa niliwajua pia, nikawataja kimoyomoyo. Kisha mwezi wa Februari, na karibu kabisa na duara namba saba ikatokea nukta peke yake, mgonjwa wa mia mbili arobaini na saba.

Nikaweka kidole juu ya kioo. Kasimiri akauliza kwa upole kama kuna kosa hapo, airekebishe.

Nikamwambia, "Hakuna kosa. Huyu ni mama yangu. Yuko nyumbani, anachambua mchele."

Dada yako,
Mwanaheri